Nilichora Mkia wa Kenge Mchangani

Nimekosa. Sitaki mtu aniambie, "Pole mzee, ni bahati mbaya." Haikuwa bahati! Ulikuwa mkono huu huu ninaoandikia, na kijiti kimoja nilichookota chini.

Wewe unayesoma, nivumilie. Shule niliiacha darasa la tatu, nikaenda chuo cha Kurani, nikaishia kwenye injini. Maneno yangu hayaendi njia moja. Ukiona nimepotea, ningoje, nitarudi.

Maisha yangu yote nimetengeneza injini za mitumbwi hapa Port Bell, bandari ya Kampala ziwani. Nipe plagi mkononi, nitakwambia injini yake ilikuwa inakula mafuta vipi na mwenyewe ni mvivu kiasi gani. Kiswahili hiki ni cha nyumbani kwetu. Babu zangu walikuja na wafanyabiashara wa pwani zamani, wakaoa hapa, wakazikwa hapa. Majirani zangu wa Luzira wengi ni watoto wa askari kutoka kaskazini, Kiswahili chao ni cha kambini. Mimi nawacheka, wao wananicheka, maisha yanakwenda.

Sasa, paka.

Marehemu mke wangu alikuwa na paka jike wa rangi ya chai ya maziwa, mguu mmoja wa mbele mweupe kama amekanyaga unga. Akamwita Chai. Huyo Chai alikuwa anazaa! Mwaka hauishi kabla hajaleta wengine. Mke wangu alikuwa na subira ya kuwatafutia watoto wake nyumba, anazunguka nao mtaa kwa mtaa hadi Namuwongo, anabisha mlango, anasifia: huyu ana macho mazuri, huyu ni hodari wa panya. Na hakuna aliyekuja kumrudisha.

Alipofariki, kazi hiyo ikaniangukia mimi. Sikuiweza. Nani atanifungulia mlango, mzee ananuka dizeli, ameshika vitoto vya paka?

Na kuua, hapana. Kwetu paka hauawi. Nimelelewa hivyo, ni mnyama anayeingia hadi kwenye mkeka wa kuswalia na hakuna wa kumfukuza. Lakini mama yangu, Mungu amrehemu, alikuwa na njia yake. Akizidiwa na paka alikuwa akisema, mvushe maji. Ukimwacha sokoni atarudi kabla yako. Ukimvusha maji harudi, na mkono wako umebaki safi.

Mkono umebaki safi! Jamani, maneno hayo nimeishi nayo miaka mingi bila kuyauliza swali hata moja.

Basi nikachukua kikapu chenye mfuniko, nikatia watoto wanne wa Chai waliokwisha kuacha kunyonya. Nikaenda kwa Okello. Okello ana mtumbwi wa injini, anapeleka dizeli na soda kwa wavuvi visiwani. Injini yake nimeifungua mara nyingi kuliko yeye alivyofungua Biblia yake, na nimemwambia hivyo.

"Mzee, iko nini ndani ya hiyo kikapu? Nasikia kitu inalia."

"Paka."

"Paka? Unawapeleka wapi?"

"Nawavusha. Wakaishi mbele huko."

Alicheka hadi akaachia usukani. "Banange! Kwetu paka ikizidi tunajua ya kufanya. Nyinyi Waislamu mnakatia paka tiketi!"

Njiani kuna kisiwa kidogo. Sikitaji jina. Ni mawe makubwa tu, vichaka kidogo, mchanga kidogo upande mmoja. Binadamu hakai pale, ila wavuvi hupumzika na kuanika mukene, hao dagaa wetu. Wenye kisiwa ni shakwe. Ndege weupe wenye kelele, wanaotaga chini kabisa, katikati ya mawe, hata majani hawayapangi vizuri. Ukizima injini pale msimu wa mayai huwezi kumsikia mwenzio. Na kinyesi! Harufu inakung'ang'ania kwenye nguo hadi jioni.

Nikafungua kikapu pale mchangani. Nikaona masalio ya mukene, nikasema hawa hawatakufa njaa. Nikawaombea dua kabisa. Nilirudi nyumbani nikiwa mwepesi, najiona nimetoa sadaka.

Mwaka uliofuata nikapeleka watatu wengine. Okello hakucheka tena, alikwishazoea. Ndege sikuwafikiria. Nakuapia, hata kidogo. Ndege ana mbawa, nilisema, atajijua.

Sasa nikueleze habari ya Zuhura, maana yeye ndiye aliyelipa.

Zuhura ni mtoto wa kaka yangu mkubwa. Baba yake alifariki yeye akiwa na miaka tisa, akaja kwangu, akalelewa na mke wangu, akalala chumba kimoja na huyo Chai. Akasoma. Akasoma hadi chuo kikuu, mambo ya wanyama na ndege. Nilikuwa nawatania mafundi wenzangu, mimi nafungua injini, mwanangu anafungua ndege. Akapata kazi kwenye shirika dogo la watu wa ndege, nalo sitalitaja, halina kosa.

Siku moja akaja nyumbani mchana, bado amevaa mabuti ya matope.

"Shikamoo Baba Mdogo."

"Marahaba. Mbona uso umekunjamana?"

Akanieleza. Kuna kisiwa wanahesabu viota kila msimu, na viota vinapungua. Makinda hayafiki kuruka. Kuna kitu kinakula, na hawajui ni nini. Inaweza kuwa kenge, inaweza kuwa tai, fisimaji, au watu wanaiba mayai. Wanataka kuweka mitego, kusoma nyayo, wajue mlaji ni nani ndipo wafanye jambo. Anahitaji mtu anayejua maji, anayeelewana na wavuvi.

"Vijana wetu wa kazi wanaandika uongo, Baba Mdogo. Hawafiki kisiwani, wanajaza karatasi wamekaa gatini. Mimi nataka mtu ambaye akiniambia kitu sihitaji kwenda kukiangalia."

Akataja kisiwa. Chai niliyokuwa nikinywa ikanipanda puani. Nikasema nimepaliwa.

Hapo ndipo ningesema. Mwanangu, nimepeleka paka saba pale. Maneno matano tu. Angekasirika, angenitukana kimoyomoyo, kisha angefanya kazi yake. Lakini nilimwona anavyoniangalia. Nikasema, "Sawa, nitakwenda."

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Tulichekecha mchanga hadi ukawa laini kama unga, tukautandaza baina ya mawe, vipande vipande kama mikeka midogo, na katikati ya kila kipande tukaweka samaki anayenuka. Kesho yake asubuhi unakuja kusoma nani amepita. Kenge ana kucha ndefu na anaburuza mkia, anaacha mstari. Fisimaji ana mguu mpana. Zuhura alinifundisha yote, na mimi mambo ya mkono huwa nayashika haraka.

Asubuhi ya kwanza nilishuka mimi mbele, maana ndimi ninayeruka na kamba. Zuhura alikuwa bado mtumbwini anakusanya vitabu vyake. Nikafika kwenye kipande cha kwanza.

Nyayo za mviringo, vidole vinne, kucha hazionekani. Ndogo, nadhifu, moja mbele ya nyingine. Nimeziona kwenye saruji mbichi ya uani kwangu! Hata mtoto angezijua.

Moyo ulinipiga kama injini yenye silinda moja. Nikafikiri, wakijua ni paka, watauliza paka alifikaje kwenye mawe katikati ya ziwa. Okello atasema. Nitakuwa mimi mbele ya ofisi ya mwanangu. Na wale paka watauawa, wajukuu wa nyumba yangu, vitoto ambavyo mke wangu angevibeba mlango kwa mlango.

Nikapitisha kandambili juu ya zile nyayo. Nikaokota kijiti. Nikachora kucha, nikachora mstari wa mkia. Kipande cha pili hivyo hivyo. Cha tatu.

Astaghafirullah! Mzee wa mvi, nimechuchumaa nachora mchangani kama mtoto wa chekechea.

"Zuhura!" nikaita. "Njoo uone. Kenge!"

Akaja mbio. Akainama, akaweka rula, akapiga picha. Akaupima tena ule mkia.

"Zimevurugika," alisema.

"Ndege wamekanyaga."

"Eti ni kenge?"

"Mwanangu, kenge nimewaona tangu hujazaliwa."

Akaandika. Kenge.

Tulirudia siku kadhaa, na kila siku nilishuka mbele. Ofisi ikakubali. Wakaleta mitego ya kizimba, ile ya waya yenye mlango unaojifunga, wakanasa kenge, wakawatia magunia, wakawapeleka kinamasi cha mbali. Wengine walikufa kwa joto njiani. Kenge wa watu! Walikula mayai, ndiyo, lakini walikuwepo pale na shakwe walikuwepo, tangu enzi na enzi. Hawakuwa wamemmaliza mtu.

Vizimba vingine vikaachwa kisiwani ili kuona kama kuna kenge aliyebaki. Kazi ya kuvipitia ikawa yangu na Okello, mara mbili kwa wiki, na daftari la kuandika.

Wiki ya pili nikakuta paka ndani. Mkubwa, mnene, rangi ya chai ya maziwa. Alinilalamikia. Mbele ya kizimba mabawa ya shakwe yametawanyika.

Nikafungua mlango. Nikasema, "Nenda, na usirudi hapa." Kwenye daftari nikaandika: hakuna kitu.

Okello alikuwa ameniona kutoka kwenye mtumbwi.

"Mzee! Hiyo kenge yako imekuwa na manyoya?"

"Nyamaza, washa injini."

"Mimi nanyamaza. Mimi ni dereva wa maji tu. Lakini yule binti yako anaandika kenge, kenge, na wewe unafungulia simba."

"Okello, ukisema neno nitakuacha na kabureta yako uitengeneze kwa meno."

Alicheka. Mimi nami nikacheka. Tulicheka!

Nilifungua kizimba kile mara tatu kwa mkono wangu huu, na mara ya tatu alikuwa jike mwenye mimba. Nikamfungulia.

Basi msimu wa mayai ukafika. Shakwe wakarudi, si wengi kama zamani, lakini wakarudi, wakataga, makinda yakatoka. Zuhura alikuwa na furaha. Aliniambia, "Baba Mdogo, kenge wameondoka, tutaona mwaka huu." Nilijibu inshallah. Kwa kinywa hiki.

Asubuhi tuliyokwenda kuhesabu makinda, Okello alizima injini mbali kidogo kama kawaida, na tukasikia maji yakigonga ubao wa mtumbwi. Maji tu. Kisiwa kile sikuwahi kusikia maji yake.

Tukashuka. Sitaeleza yote. Makinda yalikuwa yamelala kila mahali, yenye manyoya ya kijivu bado, mengi hayakuliwa hata kidogo. Yameng'atwa shingo tu na kuachwa. Paka akiona vitu vinakimbiakimbia mbele yake hasimami kwa sababu ameshiba. Hilo nililijua tangu utotoni, kila mwenye banda la kuku analijua. Na mama zao wamelala juu ya viota, vichwa vimekwenda.

Zuhura alileta ndoo. Akaanza kuokota huku akihesabu kwa sauti, kwa sababu ndiyo kazi yake. Ndoo ikajaa, akaimwaga juu ya jiwe, akarudi, akaendelea. Mahali fulani akaacha kuhesabu. Aliendelea kuokota lakini mdomo umefungwa.

Nyuma ya jiwe kubwa kulikuwa na kizimba, na ndani ya kizimba paka. Mguu mmoja wa mbele mweupe.

Zuhura alichuchumaa mbele yake.

"Baba Mdogo. Huyu ametoka wapi?"

"Paka wote wanafanana, mwanangu."

"Sijakuuliza wanafanana na nani. Nimeuliza ametoka wapi."

"Labda wavuvi wamemleta. Kwa sababu ya panya."

Okello alitema mate majini na kutazama upande mwingine.

Zuhura alichukua daftari langu la vizimba, akalisoma ukurasa kwa ukurasa. Hakuna kitu. Hakuna kitu. Hakuna kitu. Mwandiko wangu mbaya, herufi kama kuku amepita. Akalitia kwenye mkoba wake.

Ofisini kwao kulikuwa na kikao. Mimi niliambiwa ningoje nje kwenye benchi, na mlango haukufungwa kwa sababu ya joto. Nilisikia mkuu wao akiuliza imekuwaje msimu mzima wamehamisha kenge huku paka wanazaana kwenye mawe yaleyale.

"Nyayo nilizisoma mimi," Zuhura akasema. "Nilikosea."

"Na yule mzee wa mitego?"

"Mzee aliandika alichokiona. Kosa ni langu."

Nilikuwa kwenye benchi, kofia mkononi. Kutoka pale hadi mlangoni ni hatua nne. Mtu angeingia akasema, bwana, ni mimi. Miguu ilikuwepo, yote miwili, mizima.

Sikusimama!

Mkataba wake haukuongezwa. Alisaini kazi mbovu, walisema, na kwenye kazi zile habari ya kazi mbovu hufika kabla yako kila unapoomba.

Paka je? Shirika likaleta vizimba vingi na daktari wa mifugo. Iliwachukua wiki nyingi kuwamaliza, maana walikwisha kuwa wa mwituni, wanajificha kwenye nyufa. Kila aliyenaswa alipigwa sindano. Sikuitwa. Okello ndiye aliyekuwa akiwabeba, akaja karakana kuniambia, na siku hiyo hakuwa na mzaha.

"Mzee, leo tumetoa nane. Wengine macho hayajafunguka."

Nikaacha spana ikaanguka. Wanne nilikataa kuwaua nyumbani kwangu, kisha watatu wengine. Sasa wamekufa wale na watoto wao na wajukuu wao, na kenge, na ndege wote. Huruma yangu hiyo!

Kabla Zuhura hajahama nyumbani kwangu alimchukua Chai, akampeleka kwa daktari wa mifugo, akafungwa uzazi. Waliondoka asubuhi, adhuhuri wamerudi, paka analala kapuni kwake kama hakuna kilichotokea. Asubuhi moja tu. Miaka yote ile ilihitaji asubuhi moja.

Sasa Zuhura anauza vitambaa dukani kwa binamu yetu Namuwongo. Mwezi uliopita nilikwenda. Nilisimama nyuma ya wateja hadi wakaisha. Nikasema niliyotakiwa kusema siku ya kwanza, yote, kikapu, kandambili, kijiti.

Aliendelea kukunja kitambaa.

"Baba Mdogo, kenge akitembea mkia unapinda, kushoto, kulia. Wako ulikuwa umenyooka kama rula."

"Ulijua?"

"Siku ile sikujua. Niliona. Nikasema macho yangu ndiyo yamekosea, maana Baba Mdogo hawezi kunidanganya."

Mteja akaingia, akauliza bei ya kanga, akajibiwa vizuri, akatoka.

"Nisamehe, mwanangu."

"Nimekusamehe zamani. Ila usije ukaniuliza habari ya ndege."

Sikuwa na haja ya kuuliza. Misimu miwili imepita tangu paka wamalizwe, na shakwe hawajataga tena pale. Wanapita juu, wanazunguka, wanakwenda zao.

Wiki hii nimeandikia lile shirika barua, yenye jina langu kamili na alama ya kidole gumba, nikaipeleka mwenyewe mapokezi. Nimewaambia nani alichora mkia. Hawajajibu. Huenda wasijibu, mkuu yule amehama na kiti cha Zuhura kina mtu mwingine. Jina langu nimeomba lisitoke hapa gazetini, na majina ya wengine nimeyabadilisha, kwa sababu ya Zuhura, wateja wake wanasoma.

Lakini wewe mwenye paka anayezaa kila mwaka, sikia. Usimvushe maji. Usimpeleke kisiwani, kinamasini, wala msituni ukasema Mungu atamlisha. Atamlisha kweli, na chakula chenyewe ni watoto wa viumbe wengine ambao hawajawahi kumwona paka na hawajui kumkimbia. Mpeleke kwa daktari afungwe uzazi, uende na kurudi kabla ya adhuhuri.

Na kama umekwisha kuwapeleka, sema. Mwambie anayehesabu viota, hata akiwa ni mwanao, hata akikudharau. Dharau nimeionja sasa, haiui. Sema leo, wakati bado kuna yai.